Kijahazi cha Mfano na Ukweli Wake

Msomaji wangu, ukipewa kitabu ukaambiwa ukihukumu, wajua pa kuanzia. Utaitazama habari yake, watu wake na lugha yake, na mwisho utasema kama kimetimiza kazi yake au hakikuitimiza. Lakini ukiwekewa mezani kijahazi cha mti, urefu wake kama mkono wako, mlingoti wake umesimama na tanga lake limetandazwa, utasema nini? Wengi husema, "Kizuri," wakapita. Wengine husema, "Kimeng'arishwa vema." Maneno hayo si makosa, lakini si hukumu. Mtu aliyesema "kizuri" ametuambia habari ya macho yake. Habari ya kijahazi hajatuambia bado.

Katika insha hii nataka tukihukumu kijahazi cha mfano kama tunavyohukumu hadithi, kwa maana nacho ni maelezo. Mwandishi hulieleza jahazi kwa maneno. Fundi hulieleza kwa mti, kamba na kitambaa. Na kila aelezaye aweza kusema kweli, aweza kusema uongo, na aweza kusema nusu ya jambo akanyamaza.

Huenda utauliza kwa nini mwalimu wa Kwanza, nchi ya mahindi na ng'ombe iliyo karibu na Mlima Elgon, ajisumbue kwa habari ya majahazi. Jawabu ni kwamba sisi hasa ndio tunaopaswa kujisumbua. Mtoto wa Lamu akionyeshwa mfano wa uongo, atatoka nje atazame bandarini, kisha aucheke. Mtoto wa Kwanza hana bandari ya kutazama. Kati yake na bahari ipo nchi nzima ya Kenya, toka magharibi hata mashariki. Kwake yeye mfano ndio jahazi. Ukimdanganya kwa mfano, umemdanganya kabisa.

Awali yatupasa kutenga vitu vitatu vinavyofanana kwa sura. Kuna kichezeo, kuna pambo, na kuna mfano. Kichezeo ni kile ambacho watoto wa Pwani hukichonga kwa mti mwepesi, wakakitia tanga la kipande cha nguo au cha mfuko, wakakishindanisha majini. Ahadi yake ni moja tu, nayo ni kwenda. Kikienda kimetimiza ahadi, hata kama hakifanani na jahazi lolote lililopata kuelea. Pambo ni kile kiuzwacho madukani ili kiwekwe juu ya kabati. Ahadi yake ni kupendeza. Mfano umebeba ahadi nzito kuliko hizo mbili, kwa kuwa wasema, "Hivi ndivyo lilivyo jahazi fulani, ila limepunguzwa." Katika maneno hayo, "ila limepunguzwa," ndimo yalimo mashaka yote.

Hebu tuone maana ya kupunguza. Chukua jahazi lenye urefu wa mita 12, ulipunguze kwa kipimo cha 1 kwa 20. Mfano wako utakuwa na urefu wa sentimita 60. Baharia wa sentimita 170 atakuwa na kimo cha sentimita 8 na nusu, karibu sawa na kidole chako cha kati. Ubao wenye unene wa sentimita 3 utakuwa na milimita 1 na nusu. Kamba yenye unene wa sentimita 2 itakuwa na milimita 1, yaani uzi. Hesabu hizi ni nyepesi, mtoto wa darasa la sita aweza kuzifanya. Lakini ni mafundi wangapi wazifanyao?

Tazama vijahazi vingi vilivyomo mashuleni na madukani. Kamba zake ni nene hata baharia wa kipimo kile asingeweza kuzishika kwa viganja viwili. Vichwa vya misumari yake vina upana wa nusu sentimita. Vikuze mara 20, navyo vitakuwa na upana wa sentimita 10, kama visahani vya chai vilivyopangwa ubavuni mwa chombo. Tanga lake ni la nguo ya shuka. Likuze, nalo litakuwa zito kama blanketi. Hata mti wenyewe hutoa ushahidi. Fundo la sentimita 1 katika ubao wa msaiprasi, likikuzwa, huwa fundo la sentimita 20, na hakuna fundi wa majahazi ambaye angeliweka fundo kama hilo chini ya mkondo wa maji.

Hapa fundi wa mfano huwa katika shida ile ile ya mwandishi wa insha. Hawezi kusema yote. Hana budi kuchagua. Fundi mwenye akili akiona kwamba hana msumari mdogo wa kutosha, huuacha msumari, akatia alama ya ncha ya sindano mahali pake. Amenyamaza, lakini hakudanganya. Fundi asiyefikiri hupigilia msumari wa viatu, akadhani ameongeza ukweli. Kumbe ameongeza visahani vya chai.

Hayo ni majaribio ya kipimo. Jaribio la pili ni la sababu. Katika jahazi la kweli hakuna kitu kisichokuwa na kazi. Mkuku ni uti wa mgongo. Mataruma ni mbavu zinazozishika mbao zisifunguke. Mlingoti haukuchomekwa tu kama mti wa bendera. Mguu wake umeingia katika gogo lililolazwa juu ya mkuku, ili uzito wa tanga na nguvu ya upepo vishuke hata kwenye uti wenyewe. Tena mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Kwa nini? Kwa sababu foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, huning'inia juu ya mlingoti, na jahazi linapogeuka lipokee upepo kwa ubavu wa pili, mabaharia huisimamisha foromali wakaizungusha mbele ya mlingoti. Kuinama kule ndiko kunakoipa foromali nafasi ya kupita. Basi, ukiona kijahazi ambacho mlingoti wake umeinamia nyuma, kama katika vyombo vya starehe vya nchi za mbali, usiseme fundi amekosea kidogo. Amekosea kabisa. Ameuondoa mlingoti katika sababu yake. Jahazi lile, kama lingekuwa kubwa, lingewatesa mabaharia wake siku ya kwanza.

Sasa nitakuhadithia kosa langu mwenyewe, kwani hakimu asiyepata kuhukumiwa hafai kusadikiwa sana.

Chuoni nilikosomea ualimu tulifundishwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vilivyo karibu nasi. Nilipoanza kazi, nikafika kwenye somo la biashara ya Pwani, niliwaagiza wanafunzi wangu watengeneze vijahazi kwa muda wa majuma mawili, nami nikatengeneza changu. Nilichonga gogo la msaiprasi, nikafuata picha iliyokuwa katika kalenda. Kilikuwa na urefu wa sentimita 60. Nilikipaka vanishi mara tatu, nikakipigilia misumari yenye vichwa vya njano. Nilijiona fundi.

Siku ya maonyesho nilitoa alama, kila kijahazi juu ya 30. Msichana mmoja wa kidato cha pili alileta chombo ambacho sikukipenda. Hakuwa na gundi wala misumari. Alikuwa ameokota vipande vyembamba vya mgrevilea kwa wapasuaji mbao, akavilowesha katika maji ya moto ili vipindike, akatoboa matundu kwa waya uliopashwa moto, kisha akaziunga mbao zake kwa kuzishona na uzi wa katani. Nilimwuliza amejifunza wapi. Akasema bibi yake hukishona hivyo kibuyu kikipasuka. Nilimpa alama 11. Chini yake niliandika kwa wino mwekundu: "Jahazi halishonwi kama kikapu. Tumia misumari."

Alasiri tulivichukua vyombo hadi kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Palikuwa na upepo wa kawaida utokao upande wa mlima. Nilikiweka kijahazi changu majini mbele ya darasa zima. Upepo wa kwanza ulikilaza ubavu, wa pili ukakipindua, na ule mkuku nilioung'arisha ukaelekea mbinguni. Wanafunzi walinyamaza kwa adabu, na unyamavu wao ulinichoma kuliko kicheko.

Kwa nini kilipinduka, hali umbo lake lilifuata picha? Hapa kuna somo ambalo kila mjenzi wa mfano yampasa kulijua. Nguvu ya upepo ya kukipindua chombo hutokana na eneo la tanga na kimo chake. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, eneo limepungua mara 400, na kimo mara 20. Ukizidisha, nguvu hiyo imepungua mara 8,000. Lakini nguvu ya chombo ya kujiinua hutokana na uzito wake na upana wake. Uzito hupungua mara 8,000, kwa kuwa urefu, upana na kina vyote vimepungua, na upana wenyewe mara 20. Ukizidisha, ni mara 160,000. Basi katika upepo ule ule, mfano ni dhaifu mara 20 kuliko jahazi lenyewe. Fundi aweza kulipunguza jahazi, lakini upepo hapunguzi. Ndiyo sababu watoto wa Pwani, ambao hawakuifanya hesabu hii, hukitia kichezeo chao uzito chini au miti ya kukishikilia ubavuni. Wamejifunza kwa maji yenyewe yale niliyokuja kujifunza mimi kwa aibu.

Chombo cha yule msichana hakikupinduka, kwa kuwa alikosa kitambaa na tanga lake lilikuwa dogo. Lakini sitakificha kilema chake: maji yaliingia katika maungio, kwani hakuyaziba, naye alikuwa akiyatoa kwa kifuniko cha chupa hata alipokiopoa kimejaa nusu. Kwa hiyo siku ile hapakuwa na mshindi.

Palikuwapo mwalimu mwenzetu, mwenyeji wa Pwani, aliyekuja kutazama. Alikiokota kijahazi changu, akaupapasa mlingoti.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mlingoti huu umesimama juu ya nini?"

Sikuwa na jawabu. Ulisimama juu ya tundu nililotoboa na gundi niliyoimwaga. Kisha akakichukua chombo cha msichana, akakigeuza, akazitazama nyuzi kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nani aliyekufundisha kuunda mtepe?"

"Mtepe ni nini, Mwalimu?" akauliza msichana.

Nami nilisimama pale, kalamu nyekundu ingali mfukoni.

Mtepe, msomaji wangu, ni chombo cha Waswahili wa visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mafundi walizishona mbao kwanza wakalifanya gamba zima, ndipo wakaingiza mataruma na kuyafunga ndani. Mlingoti wake ulisimama wima, haukuinama, kwa sababu haukubeba tanga la pembe tatu na foromali ya kuzungushwa. Ulibeba tanga la mraba lililosukwa kama mkeka. Sehemu ya mbele ilinyooka mbali juu ya maji, na watu waliifananisha na shingo na kichwa cha ngamia. Mitepe ilichukua boriti za mikoko na mizigo mingine kati ya Lamu, Mombasa na Unguja.

Ushonaji huo si jambo la jana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo chautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na chaeleza kwamba jina lake latokana na vyombo vya kushonwa. Wareno wa safari ya Vasco da Gama walipofika mwaka 1498, waliandika habari ya vyombo vilivyoungwa kwa kamba bila misumari. Mimi nilikuwa nimesoma mambo hayo. Nilikuwa hata nimewasomea wanafunzi wangu. Niliujua mshono kwa maneno, sikuujua kwa macho, na uliponijia juu ya meza yangu mwenyewe niliuita kikapu.

Hata lile lililoonekana kuwa kilema halikuwa la ajabu. Vyombo vya kushonwa viliingiza maji, na mabaharia wake hawakukosa kazi ya kuyatoa. Msichana yule na kifuniko chake cha chupa alikuwa baharia wa mtepe bila kujua.

Sasa tumefika penye kiini cha hoja yangu. Mtepe hauko tena. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ulitoweka baharini, ukaviachia njia vyombo vya misumari. Hakuna bandari, si Lamu wala Faza wala Unguja, ambako mtoto aweza kwenda leo autazame mtepe wa wazee ukiingia na mizigo. Tulichobakiwa nacho ni picha chache, maandishi ya watu walioueleza, kama James Hornell aliyechapisha habari zake mwaka 1941, na mifano midogo ya mti iliyowekwa katika makumbusho, ikiwamo ile ya Lamu. Mafundi walipojenga mtepe wa ukubwa wa kweli mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib huko Unguja, wakauita Shungwaya, hawakuwa na mtepe hai wa kuupima. Iliwapasa kutegemea ushahidi wa namna hiyo hiyo.

Fikiri uzito wa jambo hilo. Mtu fulani, ambaye huenda jina lake hakuna alijuaye, alikaa kivulini na kisu na uzi, akatengeneza mtepe mdogo. Huenda alidhani ni pambo. Lakini kubwa likafa, dogo likabaki, na leo wataalamu huhesabu mishono yake na kupima shingo yake. Pale alipokuwa mwangalifu, tunajua. Pale alipofanya haraka, tumepotea, wala hatuwezi kumrudia tumwulize. Hivyo ndivyo mfano ugeukavyo kuwa shahidi. Na shahidi akibaki peke yake, kosa lake dogo huwa kosa la historia.

Jambo hili si la Pwani yetu tu. Huko Misri, mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa ya Giza, iligunduliwa merikebu ya mfalme Khufu, iliyozikwa kwa muda wa miaka zaidi ya 4,000. Haikuwa merikebu nzima; ilikuwa vipande 1,224 vilivyopangwa shimoni. Nayo ilikuwa chombo cha kuunganishwa kwa kamba, kama mtepe ulivyokuwa. Bwana Ahmed Youssef Moustafa, aliyekabidhiwa kazi ya kuiunga upya, hakurukia vile vipande vikubwa. Alijifunza kwa wajenzi wa mashua wa mto Nile, akatengeneza mifano midogo, ili mikono yake ifahamu kabla ya kuigusa ile ya kweli. Merikebu iliposimama ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 43. Kwa mtepe, mfano ulihifadhi kumbukumbu ya chombo kilichotoweka. Kwa Khufu, mfano ulikuwa njia ya kukifikia chombo kilichosahauliwa. Katika hali zote mbili, ukweli wa kidogo ndio uliolijenga kubwa.

Yuko atakayenipinga. Atasema, "Mwalimu, wewe ni mkali mno. Fundi wa Lamu achongaye vijahazi vya kuuza ana watoto wa kulisha. Mgeni anunuaye hataki mstari wa mbavu. Ataka kitu cha kumkumbusha bahari." Neno hilo ni la haki, nami silitupi. Pambo si dhambi. Fundi aliyetengeneza pambo akaliuza kwa jina la pambo hakumdhulumu mtu. Nilaumulo ni pambo lililovikwa jina la mfano: kijahazi chenye misumari kilichoandikwa "mtepe," au chenye mlingoti wa kigeni kilichoandikwa "jahazi la Waswahili," kikawekwa mbele ya watoto wafundishwe nacho. Hapo ndipo ahadi ilipovunjwa. Na ahadi niliyoivunja mimi ni hiyo hiyo. Kijahazi changu kilikuwa pambo, nami nilikiweka mezani kama kielelezo cha somo.

Mwingine atasema kwamba ukweli mwingi huua uzuri. Sikubali. Tazama ile shingo ndefu ya mtepe, au tanga la jahazi lililojaa upepo juu ya mlingoti ulioinama. Mistari ile haikubuniwa na mchoraji atafutaye kupendeza. Ilitokana na kamba, upepo na mzigo, na kwa sababu hiyo hupendeza. Fundi aifuataye kwa uaminifu hupata uzuri bila kuuomba. Anayeiacha kwa kutafuta uzuri hubaki na vanishi.

Lakini tusizidishe sifa za mfano. Hata ule ulio bora una mipaka. Hauwezi kukueleza harufu ya mafuta ya papa yaliyopakwa mbao, wala jinsi mabaharia walivyoungoja upepo wa kaskazi uwapeleke kusini na upepo wa kusi uwarudishe. Mambo hayo yataka maneno. Mfano na kitabu ni ndugu wawili. Kila mmoja huona kule ambako mwenzake hafiki. Mimi nilimwamini mmoja nikamwacha wa pili, nikapotea.

Basi, utakapowekewa kijahazi mezani, kiulize maswali manne. Kwanza, chaahidi nini: kwenda, kupendeza, au kueleza? Usikihukumu kwa ahadi ambayo hakikuitoa. Pili, vipimo vyake vyakubaliana? Mweke baharia wa sentimita 8 na nusu ndani yake, kwa mawazo tu, uone kama aweza kushika kamba, kuketi na kupita. Tatu, kila sehemu ina sababu? Uliza mlingoti umesimama juu ya nini. Nne, kimeacha nini, na je, kimeacha kwa busara au kwa uvivu? Ukishajibu hayo ndipo useme kama ni kizuri, na neno lako litakuwa na uzito.

Nawe ukitaka kukitengeneza mwenyewe, na nakuomba utake, usianze na mti. Anza na chombo kimoja cha kweli, chenye jina na kazi. Kichore kwa ukubwa wa mfano wako, kutoka ubavuni na kutoka juu, ukiandika kila kipimo. Chagua mti wenye nyuzi laini usio na mafundo. Kisha fuata utaratibu wa wajenzi wenyewe: ikiwa walishona gamba kwanza, shona gamba kwanza, hata kama hakuna atakayeona ndani. Mikono yako itaona. Utakutana na ubao unaokataa kupinda, na hapo utajua kwa nini fundi wa kale aliuchagua mti ule na si huu. Hilo halimo katika picha ya kalenda.

Kesho yake, baada ya bwawa, niliifuta ile alama mbele ya darasa. Sikumpa yule msichana 30, kwa kuwa maungio yalivuja na tanga halikutimia kipimo, na kumpa sifa asiyostahili kungekuwa uongo wa pili. Nilimpa 24, nikamwomba radhi. Maneno yangu ya wino mwekundu hayakufutika vizuri. Bado yasomeka chini ya mstari niliowakatia. Chombo chake kimewekwa juu ya rafu ya darasa, na karatasi yake kando yake. Changu nacho kipo, kimelala ubavu. Kila mwaka, tukifika somo la biashara ya Pwani, huwaweka wanafunzi mbele ya vyote viwili, nisiwaambie lolote, nikawauliza ni kipi kisemacho kweli. Wengi huanza kwa kukionyesha kile chenye vanishi.